Pumzi ya Landrova ya Nasoro

Mtu akikuambia mume wangu Nasoro ana mke mmoja, mcheke. Ana wawili, na mke mwenzangu ni landrova ya dizeli yenye umri wa kuitwa bibi. Kila asubuhi, kabla hajanijulia hali, ameshakwenda kuigusa boneti aone kama imelala salama. Mimi niko mlangoni na sufuria ya chai, namtazama, nakasirika, na nikikasirika mimi mtaa mzima wa Waswahili hapa Rumonge unajua.

Lakini nisimnyime haki yake. Nasoro ni dereva tangu ndevu hazijamwota. Aliendesha magari ya mradi wa maji mpaka mradi ukafungwa, magari yakauzwa, naye akachukua hii landrova ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Kazi yake ikawa kubeba ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka Gitaza kuzipandisha Bugarama, kule milimani kwenye baridi, na kurudi na maharage na viazi. Mvua ikinyesha, njia ile lori haliiwezi. Watu wa Bugarama wakisikia muungurumo wake kutoka bondeni walikuwa wanaanza kuteremka barabarani na vikapu vyao. Mwenye uchungu wa uzazi, Nasoro ndiye aliyemshusha hospitali. Aliyefia mbali, Nasoro ndiye aliyempandisha kwao akazikwe. Hakuna jina analolipenda kama lile walilompa huko, Muzee wa Mulima.

Haya, ukaja wakati wa mazutu kuadimika. Dizeli sisi tunaiita mazutu. Pampu zikakauka, magari yakapanga foleni mpaka madereva wakawa wanalala humo. Dereva mmoja wa Nyanza-Lac akamwambia Nasoro, changanya na mawese, injini ya zamani haichagui chakula. Sasa mawese ndiyo biashara yangu. Akaanza kunijia na bidoni, dumu tupu, mkononi na sura ya mtu aliyekuja kuomba chumvi kwa jirani. Nikampa. Landrova ikawa inapita mtaani inanukia maandazi, majirani wananiuliza leo nakaanga nini. Hapa chini ziwani, kwenye joto letu, ilikwenda vizuri na hakuna aliyelalamika.

Mlimani ndiko ilikoanza kuchoka. Siku zote ilikuwa inapanda polepole, ndiyo, lakini inapanda. Sasa ikifika kwenye kona ya mikaratusi, karibu na juu, inakohoa, inanyong'onyea, abiria wanashuka kusukuma. Wakati huo huo kijana anayeitwa Clever akaleta gari yake mpya yenye turbo, na yeye ana mtu wa kumletea mazutu safi kutoka ng'ambo. Akawa anampita Nasoro pale pale kwenye kona, na akimpita anampigia honi ya heshima. Ile heshima ndiyo iliyomuuma. Abiria wakaanza kumhama mmoja mmoja, tena wanamwomba radhi. Akirudi nyumbani hana hamu ya kula, anasema gari imezeeka, halafu anajitazama mikono yake mwenyewe. Niliumia kumwona vile, ingawa sikumwambia.

Fundi Baraka wa gereji ya bandarini ndiye aliyempa tumaini. "Muzee, gari yako haina pumzi," akamwambia. "Huko juu hewa iko kidogo, injini inavuta, haipati. Tuiwekee turbo iisukumie hewa kwa nguvu. Na pompa tuifungulie kidogo mazutu iingie nyingi, maana hewa bila mazutu ni upepo tu."

Yalikuwa maneno ya kweli, fundi yule si mwongo. Turbo ikapatikana Uvira, imetolewa kwenye lori lililopinduka. Na pesa ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mabati yangu. Mabati ya paa letu, niliyokuwa nikinunua moja moja kila nikiuza vizuri, nikayasimamisha nyuma ya kabati yakingoja kutimia. Paa letu linavuja mpaka kitandani. Jioni moja nimerudi sokoni, naangalia nyuma ya kabati, nakuta ukuta.

Sitarudia niliyoyasema. Mama mkwe angekuwa hai angeziba masikio. Machache ya heshima ni haya: "Baba Latifa, sikio la kufa halisikii dawa. Gari imekufa, wewe unainunulia mapafu." Kisha nikamwita Ismaili, mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye alikuwa ameitaka landrova ile mara nyingi, na alichokuwa tayari kulipa kingeezeka nyumba yote. Nikamkalisha mbele ya mume wangu, nikamwambia sema bei yako.

Nasoro akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema taratibu, "Jumatano tunapanda Bugarama. Ikifika juu bila kusukumwa, mtu asiniletee tena habari hiyo. Ikishindwa, Ismaili, ni yako." Wakapeana mikono. Nikasema nami nitapanda niwe shahidi, na nitabeba mawese yangu nikauze huko, safari isiwe ya bure. Moyoni nilikuwa nimeshayahesabu mabati, na nilikuwa naomba ishindwe.

Jumatano ikafika. Mimi sikuwahi kuiona landrova ile vile. Turbo ilipiga mluzi mwembamba, gari ikachomoka, kiti kikanisukuma mgongo. Tukapita Gitaza, wanawake wanaoanika ndagala wakainua vichwa. Nasoro alikuwa anaimba kasida huku anagonga usukani, na uso wake ulikuwa wa yule kijana aliyekuja kunichumbia na viatu vya kuazima. Nikageukia ziwani asinione natabasamu. Mwanzo wa mlima tuliupanda kana kwamba tunateremka, na ndagala zote zile nyuma.

Ukungu ukaanza. Nikajifunga kitenge mabegani. Kilomita chache mbele gari ikashtuka kidogo, Nasoro akaacha kuimba. Ikashtuka tena. Mluzi ukafifia, moshi ukatoka, na pale kwenye kona ya mikaratusi landrova ikasimama, turbo na yote.

Akafungua boneti. Akashika kila kitu kwa mkono, turbo, mikanda, mabomba, na kila kitu kilikuwa kizima. Akarudi kuiwasha, ikakohoa, ikazima. Akawa amesimama tu mbele ya gari na kitambaa mkononi, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kwa maneno kuanzia Rumonge nikaenda nyuma kuzipanga upya bidoni zangu.

Clever akatokea nyuma yetu, akasimama, akashuka. "Amahoro, Muzee," akasema, ameinamisha kichwa. "Lete muzigo nikufikishie. Watu ya soko iko wanangoja." Kijana wa watu hakuwa na ubaya wowote. Nasoro akamshukuru, murakoze, akaanza kuhamisha magunia ya ndagala yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Bidoni zangu za mawese nilikataa zisiguswe, nikasema mimi sijahama gari. Hata sijui kwa nini nilisema hivyo, maana gari kushindwa ndilo jambo nililolitaka.

Clever akaondoka na mzigo wetu. Hapo kwenye kona kuna nyumba, akatoka mama mmoja jina lake Domitille, ana chupa, anauliza kama nauza mafuta. Nikabeba bidoni moja mpaka jikoni kwake, nikaiinamisha juu ya chupa. Hakikutoka kitu. Nikaitikisa. Hakikutoka.

Domitille akacheka. "Mama wa Rumonge, huku kwetu mafuta inalala. Lete tuiamushe." Akaichukua, akaiweka kando ya moto, pembeni ya sufuria ya maharage, akawa anaigeuza upande huu na upande huu. Akaniambia wauza mawese wote wanaopanda huko huanza hivyo, kwanza moto, kipimo baadaye. Mimi maisha yangu yote nimeuza chini, kwenye joto, wanunuzi wananifuata. Nikakaa kwenye kigoda naota moto, natazama mawese yangu yanavyoyeyuka, mekundu, yakianzia pembeni.

Na hapo ndipo nilipoelewa. Mawese yaliyomo kwenye bidoni ndiyo yaliyomo kwenye tangi la landrova, yametoka pipa moja. Huko ndani nako yalikuwa yamelala. Yameganda kwenye filta, yameziba koo, na turbo inayotaka kula zaidi ndiyo imelikaba upesi zaidi. Ndiyo maana kila mara ni hapa, kwa sababu baridi inaanzia hapa. Si uzee wa gari, wala si uzee wa Nasoro. Mimi ninayejua mawese na yeye anayejua injini tumelala kitanda kimoja miaka yote hii, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Sikuinuka. Niliendelea kuota moto. Nilifikiria mvua za mwezi wa kumi na moja, na godoro tunalolisukuma kutoka kona hii kwenda kona ile, na kifua changu kinavyobana kwa ule unyevu. Kilichotakiwa ni nikae tu pale nipashe mikono, jambo liishe lenyewe. Hakuna binadamu ambaye angejua.

Dirisha la jiko lilikuwa wazi, nikamsikia mume wangu anapiga simu barabarani. "Ismaili. Waalaykum salaam. Ndiyo, tuko kwenye kona. Imeshindwa. Njoo uichukue." Akasikiliza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Utaikata, au utaiuza nzima?" Akasikiliza tena. "Haya. Basi usiikatie mtaani kwetu."

Roho ilinichoma vibaya. Nikaiacha bidoni motoni, nikatoka nje mbio na kitenge kinaburuzika matopeni.

"Baba Latifa, fungua filta," nikamwambia.

"Filta ni nzima, niliibadilisha juzi."

"Fungua, nakuambia. Usibishane nami leo."

Akaifungua. Ndani mlikuwa na kitu kizito cha rangi ya chungwa, kimejaa mpaka ukingoni kama mkate wa kumimina. Akachovya kidole, akanusa, akanitazama. Sikuhitaji kueleza, mtu huyu anapikiwa mawese kila siku ya Mungu. Domitille akatoka na sufuria ya maji ya moto. Tukaiosha filta, tukayamwagia maji mabomba yote hadi kwenye tangi, Nasoro akalisugua bomba la mazutu kwa viganja vyake mpaka likapata joto. Akapampu kwa mkono kutoa hewa. Akawasha.

Ikashika. Nikapanda, nimepakata birika la maji moto alilonipa Domitille kama mtoto, na kila ilipotaka kushtuka alisimama, nikamwagia filta, tukaendelea. Ikaipanda kona ya mikaratusi. Ikapanda na ile iliyofuata, ambayo nayo ni mbaya, na turbo ikarudia mluzi wake hadi mbuzi wa watu wakakimbia. Hakuna aliyeshuka kusukuma. Njiani alimpigia Ismaili akamwambia ageuze, akakata simu kabla hajaulizwa sababu. Nilitegemea ataanza kuimba tena. Hakuimba.

Tulipofika juu, soko linaonekana na watu wameshatuona, akasimamisha gari kando. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Ulijua lini kwamba ni mawese?" akaniuliza.

"Nikiwa jikoni kwa Domitille."

"Kabla sijampigia Ismaili, au baadaye?"

Ningeweza kumdanganya, na ningeaminiwa. "Kabla," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Nilingoja ghadhabu, kwa sababu mimi ningeghadhibika. Wanawake wa soko walikuwa wameanza kuja na vikapu, mmoja anaita Muzee wa Mulima, na yeye hakuwatazama.

"Ungenyamaza tu, Mama Latifa," akasema. "Ungepata mabati yako."

"Bado nayataka," nikamwambia. "Endesha."