Kidonda cha Mama Kilikuwa Safi, Ila Hakikupona

Kosa ni langu. Mkinitukana, mtakuwa na haki. Msiniulize jina tu, maana Moshi ni ndogo.

Mimi nina ugonjwa wa usafi. Nanawa, nafuta simu, halafu nanawa tena. Chuo sijaenda, nimejifundisha mtandaoni. Huko ndiko nilikosoma habari za plastiki zinazochanganywa na chembe ndogo mno za madini ya fedha, na bakteria wakizigusa wanakufa. Jamani, nilihisi zimetengenezwa kwa ajili yangu!

Nikaagiza unga wa chembe hizo. Chumbani kwangu Njoro niliyeyusha plastiki laini, nikachanganya, nikaibana kwa pasi mpaka ikawa nyembamba kama karatasi. Nilikata vipande kwa rula. Kikipinda kidogo, natupa.

Nilipanda nyumbani mlimani kuijaribu. Mama alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi, ya ubatizo wa mjukuu wake. Nikachota ndoo moja kwa siri, nikatumbukiza vipande vyangu. Mbege nyingine zote zikatoa povu. Ile ikalala kimya, tamu kama uji.

"We mtoto! Umeifanya nini pombe yangu?"

"Mama, nimeua vijidudu!"

"Umeua na sherehe! Wageni niwape uji, kwani wao ndio wanaobatizwa?"

Tulicheka mpaka machozi. Nikashuka mjini nikijiona mtaalamu.

Wenzangu, pale ndipo nilipopaswa kusimama. Hamira inayochachua mbege si bakteria. Seli yake ina kiini, kama seli zetu. Plastiki yangu ilikuwa imenionyesha wazi kwamba haichagui cha kuua, na mimi nikashangilia!

Baadaye mama akaungua. Sufuria ya ndizi ilimponyoka, maji ya moto yakamwagikia mkono wa kulia, kiganja na vidole.

"Nishuke zahanati?" akaniuliza. Aliniuliza mimi!

"Wakakufunge bandeji ya vumbi? Niachie, mama."

Akaniachia, nami nikamfunga kidonda kwa plastiki yangu. Akawa anawaringia majirani: "Mwanangu ananitibu mwenyewe. Chuo hajaenda, ila kichwa anacho!"

Kidonda hakikunuka. Hakikutoa usaha. Nilijivunia kila nikikifungua. Lakini ngozi mpya haikuja. Kingo zilibaki nyeupe, zimekufa. Nami nilifanya nini? Nikabandika kipande kipya, chenye unga mwingi zaidi!

"Mbona hakiozi wala hakiponi?" mama akauliza.

"Usafi kwanza, mama. Kupona kutakuja."

Hakukuja. Vidole vikaanza kujikunja, na hapo ndipo nilipompeleka hospitali. Daktari alibandua ile plastiki, akaigeuza kwenye mwanga.

"Nani amekufunga hii?"

Nilikuwa nimesimama palepale. Nikatazama sakafu.

"Ni mimi mwenyewe, daktari," mama akasema.

Nikamwacha abebe lawama! Daktari akamgombeza mama yangu kama mtoto. Akamwambia dawa za kidonda zenye madini ya fedha zipo, lakini hupimwa: kiasi gani kinatoka, na kinazifanya nini seli za mtu. "Hiki kipande chako, mama, kimeua vijidudu pamoja na nyama iliyotaka kuota." Mama akaitikia, "Ndiyo, daktari."

Walimhamishia ngozi ya paja. Vidole havikunyooka. Hamenyi ndizi, hakorogi mbege. Rozari anaisogeza kwa kidole gumba.

Ndugu zangu, ukiona plastiki inasifiwa kwamba inaua bakteria, usishangilie kama mimi. Uliza: na seli za mtu je? Nani amepima? Kama hakuna wa kukujibu, usiiweke kwenye kidonda cha mtu. Wala usijidanganye kwamba kusoma usiku na mchana ni sawa na kupima. Mimi nilipima kwa rula!

Mwezi uliopita nilikata isale, lile jani ambalo kwetu mkosaji hulipeleka akiomba msamaha, na aliyekosewa halikatai. Nikapiga magoti mbele ya mama. Mpaka leo sijui kama amenisamehe au mila ndiyo iliyomlazimisha.

Alilipokea kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia hauwezi kushika hata jani.