Mgongo wa Mzee Kibona

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimelala wodi ya wanaume, mguu umening'inizwa. Nilikuwa kijana, utingo wa malori ya Tunduma, leo hapa, keshokutwa Lusaka. Sijawahi kukaa mahali pamoja muda mrefu kama nilivyokaa pale, na sasa unapoanza kazi ya uuguzi, wodi ile inanirudia.

Kitanda cha pili alilala Mzee Kibona, mkulima wa kahawa kutoka milima ya Ileje, amevunjika nyonga. Aliuguzwa na mke wa mwanawe. Mama huyo aliweka uji kwenye kabati, akarudi nyuma, akatazama dirishani mpaka mzee amalize. Manesi walimwona pale kutwa, wakadhani mzee ana mtu wa kumgeuza.

Asubuhi hiyo Sista mkuu wa wodi alifunua shuka. Juu kidogo ya makalio ya mzee palikuwa na kidonda kibichi cha kulala bila kugeuzwa.

"Nani anamgeuza huyu?"

"Si ana mtu wake, Sista," nesi kijana akajibu.

Sista akamgeukia yule mama. "Mama, wewe ni nani kwake?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Umewahi kumgeuza?"

Mama akajifunika mdomo kwa kitenge. "Nitamshikaje, Sista? Mila yetu inakataza, hata jina lake silitaji."

"Nyumbani hata sahani tunapeana kupitia mtoto," mzee akasema akiwa ameelekea ukutani. "Leo anishike kiuno? Bora nioze."

Tulicheka wodi nzima. Sista hakucheka. Alimwambia nesi taratibu, "Uji ataleta yeye. Mgongo ni wetu."

Tangu hapo walimgeuza wenyewe, wawili wawili, wakimnyanyua bila kumburuta. Lakini kidonda hakina haraka ya kupona. Mimi niliondoka na magongo yangu nikamwacha palepale, na msimu ule kahawa yake ilivunwa na wengine.

Kwa hiyo, mwanangu, mgonjwa asiyeweza kujigeuza mgeuze kila baada ya saa mbili, au kama mlivyopanga wodini kwenu. Tazama kiunoni, nyongani, visiginoni. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi, basi gusa: pakiwa pa moto au pagumu kuliko pembeni, usipasugue, mwondolee uzito pale na umwambie mkubwa wako. Shuka iwe kavu, isiwe na mikunjo. Ndugu akitaka kusaidia, mfundishe, ila kwanza muulize ni nani kwa mgonjwa. Huku kwetu kuna watu wanaopendana sana na hawaruhusiwi kugusana.

Mungu akupe mikono yenye joto na kiuno kisichochoka. Na siku yangu ya kulala itakapofika, anijalie nesi atakayefunua shuka kabla sijaomba.