Mikono Yote ya Kushoto

Katika karakana ya kushona sare, aliyekuwa akisimama kwenye meza ya kukatia aliitwa Saruji. Jina hilo walimpa mafundi wa cherehani, wakisema hata dari likiporomoka atapangusa vumbi na kuendelea kukata. Alilipenda. Baba yake alipofariki, ni yeye aliyekodi viti, akapokea wageni, akawanyamazisha waliolia. Alirudi kazini viti vikiwa bado uani, na hakuna aliyemwona akitoa chozi.

Nyumbani alibaki na mama aliyepooza upande mmoja, wa kuogeshwa, kulishwa na kugeuzwa. Mdogo wake wa kiume aliishi mtaa wa pili, na mchango wake ulikuwa simu. "Dada, mama kala? Dada, dawa ipo? Dada, mbona sauti yako hivyo?" Saruji alijibu yote huku mikono ikifanya kazi.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Kitambaa hutandazwa meza nzima, tabaka juu ya tabaka, kisha mkasi wa umeme hupita mara moja. Kitambaa cha sare za wauguzi kina uso unaong'aa na mgongo uliofifia, hivyo kila tabaka sharti ligeuzwe, uso utazame uso. Ndipo kila mkono wa sare wa kulia hupata mwenzake wa kushoto. Saruji alikuwa na mazoea ya kusema kwa sauti kila anapotandaza: "Uso kwa uso." Wenzake walimcheka kwamba anasali.

Siku moja hakusema. Simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega, mdogo wake akieleza kwa nini Jumapili pia hataweza kuja. Saruji akatandaza, akasema "sawa," akatandaza tena, akasema "sawa," akakata.

Aliyegundua ni shoga yake, fundi wa ovaloki, mashine inayofunga pindo zisifumuke nyuzi. Aliinua mkono mmoja wa sare, akainua wa pili, akaanza kupekua fungu zima.

"Saruji wewe! Hao wauguzi wana upande mmoja tu? Yote ya kushoto hii!"

Karakana nzima ikaangua kicheko, na Saruji naye akacheka. Wengine waliponyamaza, yeye aliendelea. Kicheko kikageuka kukohoa, kukohoa kukageuka kutafuta pumzi. Vidole vilikakamaa kwenye ukingo wa meza, ikabidi shoga yake avibandue kimoja kimoja.

Mikono ile haikufaa tena. Kukata ya kulia kutoka jora jingine, ambalo rangi haikosi kutofautiana kidogo, kungefanya upande mmoja upauke kuliko wa pili, kwa hiyo yote ilikatwa upya. Mwenye karakana, mjane asiyependa maneno mengi, aliikata mwenyewe.

"Sikufukuzi," alimwambia. "Ila kwa sasa kaa kwenye vifungo. Meza nitakurudishia nikiona umetulia."

"Nimetulia, mama."

"Hivyo ndivyo ulivyosema siku ya mazishi."

Kwenye vifungo alikaa jirani na shoga yake. Hofu yake ilikuwa moja, nayo hakuificha: kwamba hatarudi mezani kamwe. Kukata ndiyo kazi pekee aliyoijua vizuri, na vifungo mtu yeyote angeweza kuvishona.

"Baba yako alikuwa mtu wa namna gani?" shoga yake alimuuliza siku moja, bila kuinua macho.

Saruji alifungua mdomo ajibu. "Alikuwa anapiga mluzi akivaa viatu," alisema, na sindano ikamponyoka. Alitoka nje kwenye bomba la maji, akarudi macho mekundu. Shoga yake alikuwa ameshamtungia uzi.

Tangu hapo alikwenda bombani kila iliposhindikana kukaa, kisha akarudi. Hakuomba radhi, wala hakuna aliyemtania.

Oda kubwa ilipoingia, mwenye karakana alimrudisha mezani, akabaki amesimama karibu. Saruji alikuwa ametandaza tabaka la kwanza simu ilipolia. Aliweka chuma cha kukandamizia juu ya kitambaa, akapokea akiwa amesimama wima.

"Dada, mama leo..."

"Leo utamwogesha wewe. Na kesho. Ufunguo uko kwa jirani."

"Mimi? Dada, mimi sijui kumgeuza!"

"Hata mimi sikujua. Muulize mama mwenyewe, atakuelekeza."

Alizima simu. Machozi yakaanza, na akarudi nyuma hatua moja yasidondokee kitambaa. Mwenye karakana akanyoosha mkono kuuchukua mkasi.

"Uache, mama," Saruji alisema. "Yatapita. Siku ile niliyoharibu nilikuwa silii."

Alijifuta uso kwa kanga, akakausha na viganja. Kisha akatandaza, akageuza, akatandaza. "Uso kwa uso," alisema, sauti ikiwa bado na kamasi.

Mwenye karakana aliinua pembe ya kitambaa, akachungulia tabaka moja baada ya jingine mpaka la chini kabisa. Akauacha mkasi pale ulipokuwa, akaenda kushughulikia vifungo.