Mwizi wa Mayai na Utepe Wangu wa Akiba

Mayai yangu yalianza kupotea Jumatatu. Moja kila siku, tena moja tu, kama vile mwizi ana daftari la mahudhurio.

Kabla hujanicheka, mimi ni Filemoni, mhudumu wa afya ya jamii, kijiji kimoja nje kidogo ya Makambako. Watu wananiita Mwalimu Lishe. Makundi ya vyakula nayataja hata usingizini. Kwenye begi natembea na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto: kijani yuko salama, njano ana upungufu, nyekundu mbio hospitali.

Na nyumbani nafuga kuku. Mayai yanakwenda mjini, kwa wakaanga chipsi wa madereva wa malori. Yanabaki mawili ya Jumapili, yangu mimi, eti nipate nguvu ya kuelimisha jamii.

Msinitazame hivyo. Ndivyo nilivyolelewa, yai ni la baba.

Basi, yai la kwanza nikamsingizia paka. La tano nikamfukuza paka. La ishirini nikaanza kumwangalia vibaya jirani yangu, mama Bertila.

"Kamwene, Mwalimu Lishe," alinisalimia asubuhi moja.

"Kamwene. Siku hizi unang'aa sana, mama. Unakula nini?"

Akanitazama juu mpaka chini, akaingia ndani kwake. Nikajisemea, ndiye huyu huyu.

Mke wangu Hulda alikuwa na lake, tangu kabla mayai hayajaanza kupotea. "Baba Noela, huyu mwanao Ebeneza mbona mikono imekuwa myembamba? Hebu mpime."

"Kafuata mwili wa babu yake. Nimepima watoto wa kijiji kizima, wangu nishindwe kumjua kwa macho?"

Macho yenyewe ndiyo haya yaliyoshindwa kumwona mwizi.

Jumamosi mchana Hulda akaenda sokoni. Nikajibanza nyuma ya rundo la mabanzi, fimbo mkononi, kitambi kimebanwa na magoti mpaka pumzi inakata.

Mlango wa banda la kuku ukafunguliwa. Akaingia Noela, binti yangu wa darasa la nne. Akatoka na yai, akaelekea jikoni.

Nikamwacha kwanza, nimkamate na ushahidi. Nilipoingia, yai limeshachemshwa na kumenywa. Ebeneza, miaka miwili, amekaa kwenye kigoda mdomo wazi.

"Leo umepatikana!"

Noela hakukimbia. "Baba, usinichape kwanza. Tazama."

Akatoa utepe mfukoni mwa sketi. Ni ule wangu wa akiba, wala sikujua umetoka kwenye begi. Akauzungusha kwenye mkono wa mdogo wake, katikati ya bega na kiwiko, kama nilivyowaonesha shuleni kwao.

Kijani. Kwa shida, lakini kijani.

"Si yuko salama huyu!" nikafoka.

"Leo ndiyo. Siku naanza kumpa mayai ilikuwa njano."

Fimbo ikanitoka mkononi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mama alikuambia, ukasema kafuata mwili wa babu. Na shuleni ulisema mtoto wa njano asikose yai. Nimefanya ulivyosema, baba."

Nilikaa chini sakafuni. Nikampakata mwanangu, nikasikia alivyo mwepesi, nikalia mbele ya watoto bila kujificha.

Jumatatu nikampeleka zahanati. Nikapanga foleni na kina mama wale wale niliowahi kuwakaripia kwa uzembe.

"Mwalimu Lishe, umekuja kutufundisha?" mmoja akaniuliza.

"Hapana, mama. Nimeleta wangu."

Hakuna aliyecheka. Wakasogea kwenye benchi, nikakaa.

Siku hizi utepe anautunza Noela. Mayai ya Jumapili wanakula yeye na mdogo wake, mimi naelimisha jamii kwa viazi. Mama Bertila nimemwomba radhi. Paka bado hajarudi.

Mzazi mwenzangu, yale yote unayoyajua kuhusu chakula, mtoto wako hayaoni. Yeye anaona sahani tu.