Supu Isiyo na Chumvi

Kabla ya kazi hii, safari yangu ndefu kwa wiki ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye kochi. Dada yangu, ambaye naishi naye Kitale katika nyumba tuliyoachiwa na wazazi, aliwaambia wageni kwamba kuku wetu wameona dunia kuliko mimi. Ni yeye aliyenisukuma nichukue kazi ya maabara huko Bungoma. Wakati huo alikuwa mzima. Baadaye dawa kali za saratani alizopewa hospitali zilimmalizia chembe nyeupe za damu, na mafua ya mtoto wa jirani yakawa yanatosha kumlaza wiki mbili.

Kazi haikutaka zaidi ya cheti changu cha sekondari, cha fomu foo. Niliosha vizimba vya panya weupe, na kila Jumanne nilipitia kichinjio cha Kitale kuchukua tezi ya kifuani ya ndama, niipeleke Bungoma ikiwa kwenye barafu. Daktari wa utafiti, mama mpole aliyejibu hata maswali yangu ya kijinga, alinieleza kuwa tezi hiyo ndiyo inayofunza chembe za kinga kazi yake. Utotoni ni kubwa, kisha hunywea na kugeuka mafuta. Nikamwambia yangu basi imefuata mwili mzima. Kutoka kwenye tezi alitoa kipande kidogo sana cha protini, akawadunga nusu ya panya. Nusu nyingine walidungwa maji ya chumvi tu, ili aone tofauti.

Hapo akili ya fomu foo ikaamka. Nikaanza kumwomba mchinjaji tezi mbili, ya daktari na ya nyumbani. Ndama wenyewe hawakuwa wengi, ni yale madume ya ng'ombe wa maziwa ambayo wafugaji huyaona kama wezi wa maziwa.

"Hii kitu hata mbwa yangu nikimpa ananiangalia vibaya," mchinjaji aliniambia. "Wewe unapikia nani, bana?"

Nilikuwa nampikia dada supu, bila kumwambia ni ya tezi. Daktari alishanionya, nilipouliza kana kwamba namuulizia mtu mwingine, kwamba tumbo huisaga protini hiyo kama nyama yoyote, na moto huiharibu hata kabla haijafika huko. Nilimsikia vizuri sana. Lakini hospitali nayo ilikuwa imemkataza dada kula kitu kisichoiva. Nikichemsha sana, dawa inakufa. Nisipochemsha, dada anakufa. Nikachemsha. Chumvi tu ndiyo sikuweka, maana kila nilipoishika niliwaona wale panya wa maji ya chumvi.

Dada alikunywa Jumanne baada ya Jumanne, huku nikimsimulia habari za panya wangu. Alizidi kukonda.

Siku moja nilimkuta daktari amefunga daftari. Panya wote walikuwa wameambukizwa ugonjwa mmoja, akasema, na makundi yote mawili yamekufa sawasawa. Wale wa tezi, chembe zao zilipanda kidogo, zikashuka. Akaniomba nioshe vizimba.

Jioni nikabandika sufuria kama kawaida. Dada alikuwa amejifunga leso mbili, ameketi karibu na jiko.

"Wale panya wako wanaendeleaje?"

"Wanakula vizuri."

"Wee mzee, sijauliza kama wanakula."

Nikakoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa, kisha nikamwambia wamekufa. Akauliza kama ni wote, hata wale wa tezi. Nikasema wote.

Aliichungulia sufuria, akasema basi hakuna sababu ya kuendelea kumnyima chumvi. Kumbe alijua supu ni ya tezi tangu wiki ya kwanza, aliponiona naikata. Nikamuuliza mbona alikuwa anakunywa.

"Si ungerudi kwenye kochi," akasema.

Nikatia chumvi, nikaonja, nikaongeza. Alionja naye, akasema sasa ni supu. Hakuimaliza.