Kinachotembea Begani

Mwaka wa 2021, nikiwa na miaka sitini na mitatu, mkono wangu wa kulia ulianza kuangusha nyundo. Sisi wachonga mawe wa Kalimoni tunasema mkono ukilegea ni uvivu, upewe nyundo nzito zaidi. Nikaupa, mwaka mzima. Ukazidi kukonda.

Siku moja nikiota jua bila shati, mke wangu alisimama ghafla na sufuria yake.

"Mzee, umelala?"

"Si unaona macho yangu yako wazi."

"Basi ni nani anatembea ndani ya bega lako?"

Nikatazama. Nyama ilikuwa inacheza chini ya ngozi, polepole, kama fuko chini ya shamba. Haikuuma. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Daktari wa Thika alisema neva zinazotuma amri kwa misuli zinakufa. Dawa hupunguza mwendo wa ugonjwa tu, haiponyi. Mazoezi mepesi yanasaidia, nyundo hapana. Sauti inaweza kufuata, halafu pumzi.

Leo nina nyumba huko Mugutha, ya mawe niliyochonga mwenyewe, ng'ombe wawili, mke, akili yangu yote, na mkono wa kushoto ninaoandikia haya. Tangu asubuhi, bega la mkono huo nalo linacheza.