Korongo Aliyefutwa kwenye Orodha

Kwenye orodha ya ofisi yetu ya mazingira, hapa mjini Manika, mbele ya jina la korongo mwenye vinyama viwili chini ya mdomo paliandikwa: ametoweka. Mimi ndiye niliyenakili neno hilo mwaka hadi mwaka. Kisha mama mmoja anayelima viazi vitamu upande wa njia ya Kasaji alikuja na unyoya mrefu wa kijivu, akaniambia wako wawili kwenye bwawa lililo karibu na shamba lake, na wanatotoa.

Mkuu wangu aliugeuza ule unyoya mkononi. "Lete picha ya kiota. Orodha inaondoka kesho mchana."

Kesho yake alfajiri nilipanda taksi-moto, pikipiki ya abiria. Mama wa viazi alinipokea, tukapita kwenye majani yaliyotufika kiunoni hadi ukingo wa maji. Niliwaona: mmoja amelala juu ya kiota, mwingine amesimama karibu yake. Nilikuwa nimeshainua simu nilipohisi watu nyuma yangu.

Walikuwa wachimba madini watano wenye sululu, matope hadi magotini. Mkubwa wao akanyoosha mkono. "Leta telefone."

Nikampa.

"Wewe ni wa serikali," akasema, akiwanyooshea korongo kidole. "Ukiandika ile ndeke iko hapa, batatufukuza. Batoto yetu batakula nini?"

Ningeweza kumdanganya, na nilitamani sana. "Pengine batakuja, tata," nikasema, kama mtoto anavyomwambia baba. "Siwezi kukuapia kama hapana."

Wenzake wakaanza kunong'ona. Kijana mmoja aliokota jiwe, akalipima uzito huku anakitazama kiota. Mama wa viazi akasogea mbele yake.

"Ni mi nilimuita huyu," akasema. "Mukichimba hapa, mayi ya bwawa itakauka. Viazi yangu itatangulia kufa mbele ya ile ndeke. Unipige mi basi."

Yule korongo aliyesimama akatandaza mbawa, akapiga hatua mbili kutujia. Hakuruka. Kijana akaliacha jiwe lianguke.

Mkubwa wao akamtazama mama, kisha yule korongo, akanirudishia simu. "Piga picha. Ila sisi usituandike."

Nilipiga tatu harakaharaka; mbili zilitoka na ukungu.

Ofisini mkuu alizikuza kwenye kioo cha simu. "Kulikuwa na watu?"

"Mama wa viazi," nikajibu. Ulikuwa nusu uongo, na hadi leo sijui kama nilipaswa kuusema.

Akafuta neno la zamani, akaandika: amerudi, anazaa, yuko hatarini sana. Jina la bwawa tukaliacha nje ya orodha ili wawindaji wasilijue.

Mvua zilipoanza, yule mama wa viazi alinipigia simu. Kifaranga kimoja kilikuwa kinatembea na wazazi wake. Wachimbaji walikuwa wamehamia nyuma ya kilima. Hakuna aliyewafukuza, wala mama hakujua kwa nini walihama.